Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine ya Bwana Chui

Mpendwa mshauri wetu Shangazi Kuei,

Naomba msaada, na naomba uniwahi kabla mambo ya Ijumaa hayajaharibika, ndiyo maana barua hii sikuitia posta, nimeileta mwenyewe hapo mapokezi kwenu nikiwa na viatu vyangu vya kazini, na kama imelowa pembeni unisamehe, ni hizi mvua za msimu wa plamu ambazo mwaka huu hazijui kuaga. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mkazi wa hapa hapa Tainan, ni mlinzi katika makumbusho ambayo sitayataja, na majina yote nitakayotumia nimeyabadili, ila mambo yenyewe sijabadili hata moja.

Shangazi, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza maishani. Kabla yake nilikuwa mke, nilikuwa mama, nilikuwa mkwe, nimemuuguza mama mkwe wangu miaka tisa mpaka alipofumba macho, kisha watoto wakaenda zao Taipei, nikabaki na mume wangu Wen-liang na televisheni, nikawa nafuta vumbi mahali pasipo na vumbi, mpaka siku moja nikaona tangazo kwamba makumbusho yanatafuta walinzi, nikavaa koti la harusi ya binti yangu nikaenda, nikafikishwa mbele ya Mkurugenzi Hung. Akaniuliza, "Mama, uzoefu wako ni upi?" Nikatazama vifungo vya koti langu, maana wa kusema sikuwa nao. Pembeni yake alikaa msimamizi wa walinzi, nitamwita Dada Pao-yun, akasema, "Mkurugenzi, huyu kalea watoto wawili na kauguza mgonjwa miaka tisa. Muulize nyumbani kwake kimevunjika nini." Mkurugenzi akauliza kweli, nami nikajibu, "Bakuli moja, mwaka wa tetemeko." Wakacheka wote wawili, na wiki iliyofuata nilikuwa nimevaa sare yenye jina langu kifuani, nami nikajitazama kwenye kioo cha lifti mpaka mlango ukafunguka watu wakanikuta.

Kila nilicho nacho katika kazi hii nimepewa na Dada Pao-yun. Amenifundisha kusimama kwa saa nane mfululizo, kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kabla mguu haujalalamika, na soksi mbili mbili, ya pamba ndani na ya sufu nje, jozi ya kwanza alininunulia yeye. Amenifundisha kumwona mtu mwenye kalamu ya wino kutoka mbali na kumpelekea kalamu ya risasi kwa mikono miwili, kama zawadi, siyo kama adhabu. Alinambia, "Usimwambie mtu usiguse. Simama kando yake, tazama anachotazama, halafu sema, 'Huyu ana miaka mia mbili na ishirini, ngozi yake nyepesi.' Mkono utarudi wenyewe." Na unarudi, Shangazi, nimejaribu. Chumba chetu cha mapumziko kina kiti kimoja chenye mgongo na kigoda kimoja kibovu, na tangu siku ya kwanza Dada hukaa kwenye kigoda, nikikataa ananiambia mgongo wake umeshazoea, na kila Ijumaa chakula chake cha mchana kimefungwa kwa gazeti lenu, hakifungui mpaka ametusomea kwa sauti ukurasa wako.

Mimi nalinda Chumba cha Tatu, chenye miungu ya mbao iliyotoka kwenye mahekalu ya zamani, na ndani yake yumo Bwana Chui, mdogo kama paka, amekaa chini kabisa kama anavyokaa nyumbani kwake chini ya meza ya sadaka, akilinda watoto wa watu. Yeye si mali yetu, ni mgeni wetu, hekalu lake kijijini lilibomoka paa tukaambiwa tumtunze mpaka lijengwe, na sasa ni mwaka wa sita. Kuna bibi mmoja hufunga safari kumletea yai bichi, na yai ndani ya makumbusho haliruhusiwi, lakini Dada hamfukuzi, hulipokea kwa mikono miwili, huliweka kwenye kisahani nje ya mlango wa nyuma, kisha hurudi akachutama mbele ya kioo na kumwambia Bwana Chui kwamba yai lake liko nje. Mwezi wa tisa hekalu linafunguliwa, Bwana Chui anarudi kwao kwa maandamano na ngoma, na wazee wa hekalu walikuja wenyewe kumwomba Dada Pao-yun ambebe mikononi, yeye na si mwingine, kwa sababu ndiye aliyemtunza, na mwezi huo huo ndio Dada anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili. Alinunua viatu vipya vyeusi kwa ajili ya siku hiyo. Viko kabatini kwake kazini, havivai, huvitoa tu na kuvifuta.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Chumba cha Tatu kina mashine ya kukausha hewa, maana mbao na rangi za zamani haziwezi unyevu, na Shangazi, ofisi gani hapa kwetu haina pakiti ya kijani ya bisi za nazi juu ya mashine yake ili mashine iwe na adabu? Hospitali wanayo, benki wanayo, nasi tunayo, na masharti yake kila mtu anayajua, iwe ya kijani, maana ukiweka ya njano au nyekundu mashine itagoma, isifunguliwe, na isipitwe na tarehe. Kubadilisha pakiti hiyo ni jukumu langu, nimepewa na Dada, na nilijivunia. Sasa mvua hizi zilipoanza mashine ikawa inanguruma vibaya, na Jumapili ile pakiti ya zamani ilikuwa imebakiza siku moja, nikaenda dukani nikakuta ndogo zimekwisha, ipo ile kubwa ya familia nzima, nikajiambia heri zaidi, kubwa itaisaidia zaidi. Kuisimamisha ikawa inaanguka, basi nikailaza kifudifudi juu kabisa, penye yale matundu ya kupitishia hewa, nikaipigapiga kama mgongo wa mtoto, nikasema, "Jitahidi, mwenzetu," nikaenda nyumbani na furaha yangu.

Jumatatu tunafunga. Jumanne nilipofika Dada alikuwa ameshatangulia, maana funguo anazo yeye, nikamkuta amepiga magoti anafuta maji sakafuni, mashine imezimika, pakiti haipo, na shavu la kushoto la Bwana Chui rangi imebambuka kiasi cha ukucha wa kidole gumba, imejikunja kama ganda la kitunguu. Fundi Lo akaja, akainama, akasema, "Hii imezibwa mdomo, ikachemka mpaka ikajizima. Ona vumbi, hapa lipo, hapa halipo. Kuna kitu kililala hapa." Mkurugenzi akauliza, "Kitu gani?" Shangazi, ile alama ilikuwa ya mraba na pembe zake zina meno meno kama pakiti yangu, nikaiona kwa macho yangu haya. Ndipo Dada Pao-yun akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Kitambaa changu cha vumbi. Jumapili nilifunga mimi. Nitakuwa nimekisahau hapo."

Maskini Dada, anaamini kabisa kwamba ni yeye, umri umemwingia, hakumbuki tena alichoweka wapi, nami nilisimama pale kama mmoja wa miungu ya chumba kile. Wazee wa hekalu wakaja, hawakupaza sauti, mmoja akasema tu, "Dada, aliyemlowesha hawezi kumbeba. Utuelewe." Dada akainama mpaka chini. Kesho yake akaandika barua ya kuacha kazi kabla ya muda, hataki hata kuagwa, na Mkurugenzi ataitia sahihi Ijumaa hii saa tisa alasiri.

Na ujue moyo wake ulivyo, hata siku ile ile ya balaa hakunisahau. Jumanne saa kumi, wakati wa chai, alitoa mkobani mwake pakiti kubwa ya bisi, akaipasua, akazimwaga juu ya gazeti, akasema, "Kula, mdogo wangu. Zimelainika kidogo lakini hazijaharibika." Mimi nalia, nakula, yeye anakula, hasemi kitu, tukazimaliza zote, akaikunja pakiti tupu ndogo ndogo akaitia mfukoni. Mtu anapoteza heshima ya miaka ishirini na miwili, na bado anafikiria kama mimi nimekula.

Nimemweleza mume wangu. Akasema, "We mwanamke, ulishamwona nani anakimbiza radi iliyomkosa? Si amekubali mwenyewe? Kunywa uji wako." Nikaenda hekaluni mtaani kwetu, nikarusha vile vibao viwili vya nusu mwezi, nikauliza kama ninyamaze. Vikaanguka vyote ubapa juu, ndiyo kusema mungu anacheka tu, hakubali wala hakatai. Nikarusha tena, anacheka. Mara ya tatu, anacheka. Nimemwekea Bwana Chui nadhiri ya mayai thelathini akinisaidia, lakini moyo haujatua. Nikisema, nitafukuzwa, na kazi hii ndiyo iliyonifanya niwe mtu mwenye jina kifuani. Nisiposema, Dada anaondoka kwa mlango wa nyuma. Nampenda Dada Pao-yun kama dada wa tumbo moja, sijui nimshukuruje, na sijui nifanyeje. Mkurugenzi hufika saa mbili na nusu kila siku, nampita mlangoni, namwamkia, kisha naenda zangu Chumba cha Tatu.

Wako katika shukrani na aibu,
Mlinzi wa Chumba cha Tatu


SHANGAZI KUEI ANAJIBU

Mlinzi wa Chumba cha Tatu, kaa chini. Najua kazi yenu hairuhusu, lakini kaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilitaka kukuvuta sikio. Wewe umefundishwa kumwona mwenye kalamu ya wino kutoka mbali, lakini Jumanne saa kumi umekaa na ushahidi mapajani, umeula kiganja kwa kiganja mpaka ukaisha, na hukuuona.

Hebu tuulizane taratibu. Ile pakiti kubwa uliyoilaza juu ya mashine ilikwenda wapi? Aliyefungua chumba Jumanne ni nani? Na bisi zilizofungwa kiwandani, tarehe yake bado mbichi, zinalainika vipi? Mimi nakwambia zinavyolainika: zikikaangwa siku mbili juu ya mashine inayochemka mpaka pakiti ivimbe na mshono uachie, unyevu uingie. Dada Pao-yun aliingia chumba kile kabla yako, akaiona pakiti imelala mdomoni mwa mashine, na katika dunia hii nzima kuna mtu mmoja tu anayeweka pakiti katika Chumba cha Tatu. Aliitia mkobani kabla hujavua koti la mvua. Alasiri akakulisha kosa lako, mdogo wangu, na akala nusu yake ili usile peke yako.

Kwa hiyo futa hayo maneno ya "umri umemwingia". Mwanamke anayekumbuka kumwambia chui wa mbao kwamba yai lake liko nje hasahau kitambaa. Hana kitambaa. Ana wewe.

Kwa nini alifanya hivyo, nadhani najua. Yeye amebakiza miezi mitatu, wewe umebakiza miaka kumi na zaidi. Alikuona ukijitazama kwenye kioo cha lifti. Aliyekuombea kazi kwa kusema nyumbani kwako hakivunjiki kitu ni yeye, na kilipovunjika akaona bora kivunjike mkononi mwake. Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kuchemsha maji, maana macho yangu si mapya.

Lakini simsifu kwa yote, na hili asome vizuri. Uongo wa mapenzi nao ni uongo. Amewadanganya wazee wa watu, amemdanganya Mkurugenzi, na Fundi Lo sasa atakuwa anahubiri habari ya vitambaa, huku vyumba vingine vyote vina mashine, na juu ya kila mashine pana pakiti. Nani atajua kuzisogeza? Mvua hazijaisha. Ukinyamaza wewe na akanyamaza yeye, wiki ijayo mungu mwingine atabambuka shavu.

Sasa wewe. Umeandika kurasa nne, na katika kurasa hizo nimehesabu soksi, kiti, kigoda, kalamu ya risasi, kila wema aliokutendea umeukumbuka. Vizuri sana, si wengi wenye kumbukumbu ya namna hiyo. Lakini umenishukuru mimi. Mimi sikukununulia soksi. Asante yote hiyo umeileta gazetini, na mwenye asante yake amekaa mita mbili kutoka kwako kwenye kigoda kibovu, anakunja barua ya kuacha kazi. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, nami najua wewe hujapiga teke mtu. Wewe umesimama tu kando wakati mwingine anapigwa. Aliyepigwa haoni tofauti kubwa.

Umeuliza vibao kama unyamaze, mungu akacheka mara tatu. Mimi ningecheka mara nne. Mtu haendi kuuliza njia ya nyumbani kwake. Na mayai thelathini, mpelekee Bwana Chui ukipenda, hatayakataa, lakini yeye hakuandika barua ya kuacha kazi. Shavu lake litapakwa gundi na fundi wa rangi, atang'aa. Mume wako naye mpe salamu zangu. Wen-liang si mtu mbaya, ameogopa tu, na wewe umeogopa, na nyumba moja haiwezi kulisha waoga wawili. Mmoja aache leo.

Utafanya hivi. Gazeti hili linatoka Ijumaa alfajiri, nawe unalinunua njiani. Mkurugenzi anafika saa mbili na nusu. Mkute mlangoni, mwamkie, na safari hii usimpite. Usilie kwanza, utalia baadaye, muda upo. Mwambie: "Jumapili niliweka pakiti kubwa juu ya matundu ya mashine. Kitambaa hakikuwepo. Dada Pao-yun amebeba kosa langu." Maneno hayo hayazidi pumzi tatu. Kama hakuamini, nunua pakiti ya aina ile ile, ailaze mwenyewe juu ya alama ya vumbi, meno yatakaa penye meno. Usimwambie Dada kabla, atakuzuia, na wewe utakubali kuzuiwa.

Ukitoka hapo, omba ruhusa uzungukie vyumba vyote na kuzishusha pakiti. Mimi siwacheki, hata kompyuta ninayoandikia hapa inayo yake. Ila nimeiweka chini, kando ya mguu wa meza. Mashine ni kama mtu, mpe moyo, lakini usimzibe pua.

Kisha utaomba namba ya hekalu, na siku ya mapumziko utakwenda kijijini kwa miguu yako, umevaa zile soksi mbili. Wazee walisema aliyemlowesha hawezi kumbeba. Kauli nzuri, na iheshimiwe. Uiname mbele yao useme aliyemlowesha ni wewe. Waache wao wamalizie hesabu, ni watu wazima, wataona ni mikono ya nani iliyobaki.

Utaniuliza, nikifukuzwa je? Unaweza kufukuzwa. Sikudanganyi, mimi si mwajiri wako. Pengine Mkurugenzi atakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kukwambia matundu yasizibwe, pengine atakukaripia akakurudisha chumbani, sijui. Ninachojua ni kwamba ukienda kuomba kazi pengine, ukaulizwa tena nyumbani kwako kimevunjika nini, utajibu umenyooka: bakuli moja na shavu moja la chui, na yote mawili nilisema mwenyewe. Mimi ningekuajiri.

Na jambo la mwisho, nalo ndilo litakalokutoa jasho. Unasema umebadili majina ya watu wote. Umefanya vyema. Umebadili majina ukaacha chui. Mji huu una makumbusho mangapi yenye Chumba cha Tatu, Bwana Chui mgonjwa wa shavu na msimamizi anayefungia chakula chake kwa gazeti letu na kusoma ukurasa wangu kwa sauti? Leo ni Ijumaa. Saa sita na nusu atalifungua. Una asubuhi nzima, mdogo wangu, na miguu unayo, alikufundisha yeye kuitumia.

Dada Pao-yun, kwa jina lolote lile ulilonalo, kama umefika hapa basi umeshanisoma kwa sauti mbele ya wenzako. Usikunje ukurasa. Huyu aliyesimama mlangoni na macho mekundu ametoka kwa Mkurugenzi, mimi nimempa maneno tu, miguu ni yake. Usimkemee kwa kukuharibia mpango wako, ulikuwa mpango mzuri wenye kosa moja, hukuuliza kama naye anaweza kubeba. Viatu usivirudishe nyumbani, viache kabatini vingoje ngoma za mwezi wa tisa. Mkononi ameshika pakiti mpya ya kijani, zile zinazolia mdomoni. Ipasueni, mle, safari hii mkiongea. Na tafadhali, Dada, leo kaa wewe kwenye kiti.